Kiboko wa kwenye bakuli, dagaa wa Kibirizi

Mzazi anayewapeleka watoto Kigoma likizo hii atafanya vyema kuwaonyesha kwanza picha moja kwenye simu: bakuli la udongo la Misri ya kale. Ni jekundu, limechorwa kwa rangi nyeupe. Mabakuli ya aina hiyo yalifinyangwa zaidi ya miaka 5,500 iliyopita, kabla ya piramidi, na mengi yalizikwa pamoja na wafu. Wachoraji wake walipenda viboko, mamba na uwindaji. Moja lililoko Makumbusho ya Pushkin, Moscow, linamwonyesha mwindaji mwenye upinde, ameshika kamba za mbwa wanne.

Viboko hao walikuwa wa Mto Nile, na ni Nile hiyo hiyo iliyowavuta wageni hadi Ujiji wakitafuta chanzo chake. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapo, wakapanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa kuona kama Mto Ruzizi unatoka ziwani kuelekea Nile. Wakakuta unaingia. Maji ya Tanganyika hutokea magharibi, kwa Mto Lukuga, yakaenda Kongo. Pale kwenye makumbusho ya Ujiji, habari za wazungu wawili kusalimiana chini ya mwembe huwachosha watoto upesi. Hii ya mto huwashika zaidi.

Mtoto mdadisi atauliza: na vyungu vya huku, vina wanyama? Jibu liko Uvinza, kwenye reli ya kwenda Tabora. Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za chumvi wakakuta vigae vya zaidi ya miaka 1,000. Watu walichemshia maji ya chumvi humo mpaka yakauke, na chumvi ya Uvinza ikauzwa hadi ng'ambo ya ziwa. Mapambo ya vyungu hivyo ni mistari na alama zilizokandamizwa kwenye udongo mbichi. Ni vyungu vya kazi, vya kukaa motoni kutwa, si vya kuwekwa kaburini. Anayetaka michoro ya wanyama na wawindaji hapa nchini aende Kolo, Kondoa, kwenye miamba ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006.

Lakini Kigoma ina kitu ambacho Misri haina tena. Kiboko alitoweka kwenye Nile ya Misri katika karne ya 19, akabaki kwenye mabakuli na kuta za makaburi. Mtoto wa huko humjua kwa mchoro. Wa Kigoma anaweza kumwona akipumua kwenye Mto Malagarasi, mto ule ule upitao Uvinza kabla ya kumwaga maji ziwani. (Amwone kwa mbali, na asisogee ukingoni jioni.)

Mawindo ya Kigoma yenyewe ni dagaa. Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, asubuhi mchanga na chanja hung'aa kwa dagaa walioanikwa, na akina mama huwageuza huku wakibishana bei. Usiku wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaja kwenye mwanga, wavu ukainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haifui dafu, na mitumbwi hupumzika.

Mapumziko hayo ya mwezi hayakutosha. Samaki walipopungua, nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kulipumzisha, na Tanzania ikasimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili dagaa na migebuka wazaliane. Miezi mitatu ni mingi kwa nyumba inayoishi kwa dagaa: karo, sabuni, mboga ya jioni, vyote vilitoka majini. Kumweleza mtoto kwa nini mtumbwi mzima, usio na tundu, umelazwa mchangani si kazi nyepesi.

Familia inayotaka kuziona taa ipange safari wakati mwezi ni mwembamba, iulize kwanza kama ziwa limefunguliwa, kisha ipande mlimani giza likiingia. Hutokea moja, halafu tatu, halafu nyingi mpaka mdogo wa nyumba anaanza kuzihesabu upya.