Juu ya Bati, Kerende

Kabla ya Februari ile sikuwa nimewahi kuvuka Daraja la Kirumi. Basi lilitoka Mwanza alfajiri, tukapita Magu, Lamadi na Bunda jua likipanda, na kabla ya saa sita tukawa juu ya Mto Mara. Mafunjo yalikuwa yametanda pande zote mbili, huoni mwisho wake. Tarime nikashuka, nikapanda gari dogo la Nyamongo. Jioni nikaingia Kerende, kijiji cha Wakurya kilicho jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, nikiwa nimepakwa vumbi hadi kwenye kope.

Mkobani nilikuwa na mita ya kupimia umeme, kipimajoto na vitambaa viwili. Mwenzangu wa darasani, mwenyeji wa pale, aliniomba nikaitazame sola ya baba yake. Tulikuwa tunasoma fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako watafiti wameshughulika na tando nyembamba za kukusanya nishati ya jua kwa miaka mingi. Nami nilikuwa sijawahi kuupima utando hata mmoja nje ya maabara.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu, mura. Hii sola nilipoinunua taa ziliwaka mpaka tukalala. Siku hizi ikifika saa tatu usiku ni giza. Aliyeniuzia akasema betri imekufa, nikanunua nyingine. Giza ni lile lile."

Asubuhi nilipanda ngazi. Paneli ilikuwa ya kioo cheusi chenye wekundu wa mbali, imelazwa juu ya bati na kufungwa kwa waya. Nikaitambua: silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele, iliyotandazwa juu ya kioo. Utando wake haufiki unene wa mikroni moja, wakati unywele wa kichwa una mikroni 70 hivi. Kitu chembamba kiasi hicho ndicho kilichobebeshwa jua, vumbi na mvua za Mara.

Saa mbili asubuhi mita ilionyesha volteji nzuri, lakini mkondo ulikuwa haba. Nikapitisha kitambaa chenye maji, kikatoka na tope jekundu. Mkondo ukapanda pale pale, volteji ikabaki karibu ilipokuwa. Hapo ndipo nilipolielewa somo nililokuwa nimelikariri: mkondo hufuata mwanga, volteji hufuata joto. Vumbi huiba mkondo.

Saa saba mchana mambo yakageuka. Mwanga ulikuwa mwingi, mkondo mzuri, lakini volteji ilikuwa imeshuka. Kipimajoto nilichokiweka nyuma ya kioo kilisoma nyuzi 60. Waya wa shaba ukipata joto hukinza umeme zaidi. Nusukipitishi kama silikoni kikipata joto hupitisha zaidi, kwa sababu joto huzifungua elektroni zake. Hilo lingeonekana kuwa faida. Ndani ya paneli ni hasara: umeme huvuja ndani kwa ndani kabla haujatoka, na volteji huanguka.

Nguvu inayoandikwa nyuma ya paneli hupimwa paneli ikiwa na nyuzi 25. Kati ya 25 na 60 kuna nyuzi 35. Paneli ya kawaida ya silikoni ya fuwele hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja, yaani asilimia 14. Utando wa aina hii hupoteza karibu nusu ya hapo. Kwa joto, basi, utando ni mvumilivu kuliko ndugu yake mnene.

Udhaifu wake uko kwingine. Mwaka 1977 David Staebler na Christopher Wronski, wa maabara za RCA huko Marekani, walieleza kwamba mwanga wenyewe hupunguza uwezo wa silikoni hii kupitisha umeme, na kwamba kuipasha joto hurudisha uwezo huo. Ndiyo maana paneli mpya hushuka miezi ya mwanzo kisha hutulia. Mzee alikuwa ameipima sola yake kwa siku za ujana wa paneli hiyo.

Jirani zetu wa Kenya walilipitia jambo hili mapema. Paneli ndogo za namna hii zilienea vijijini huko miaka ya 1990. Watafiti, wakiwemo Arne Jacobson na Daniel Kammen, walipozipima walikuta nyingine zinatoa karibu na kilichoandikwa na nyingine zikiwa chini sana. Mnunuzi hawezi kuzitofautisha kwa macho. Mita ndiyo shahidi.

Kwenye pembe moja nilikuta doa jeupe. Unyevu ulikuwa umepenya ukingoni na kuula utando unaopitisha umeme chini ya kioo. Hilo halitibiki, nikamwambia mzee wazi. Yaliyobaki tuliyatengeneza: tukaiinua paneli juu ya miti, tukaacha nafasi ya kiganja ili upepo upite, na tukaiinamisha kidogo kuelekea kaskazini. Kerende iko karibu nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwinamo ule ulikuwa hasa wa kuteremsha mvua na vumbi. Ukingo tukauziba.

Usiku ule saa tatu ilipita taa ikiwaka. Mzee hakusema neno; alimwita mjukuu wake alete daftari, mtoto akaanza kuandika.

Nakuomba wewe msomaji mwenye sola: iinue kutoka kwenye bati, ifute vumbi asubuhi ingali baridi, kagua kingo kabla ya masika. Na kabla ya kununua betri nyingine, mwite mtu mwenye mita aipime paneli hapo hapo ilipo, juani.