Mitetea Waliowika



"Mama asema mitetea wenu wanawika."

Ujumbe huu uliletwa mlangoni petu na mtoto wa jirani, muda mfupi baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa amesimama na mkoba wa chuoni begani, akingoja jibu la kumpelekea mamake. Jibu hatukuwa nalo. Tulitazamana sisi wa nyumba hii, na kila mmoja wetu akakumbuka maneno aliyoyasema wiki nane kabla ya siku hiyo, tulipompokea mama yule uani na kumhesabia vifaranga kumi kwa mkono.

Sisi tunafuga kuku wa kienyeji hapa Kisauni, wachache tu, katika ua usiozidi upana wa vyumba viwili. Tundu tulilirithi kwa nyanya yetu, ambaye angali hai, Alhamdulillahi, na kauli ya mwisho juu ya kuku ni yake hadi leo. Mwaka ule makoo wetu watatu waliatamia kwa wakati mmoja, na baada ya siku 21 wakatotoa. Vifaranga 22 wakapona.

Jirani yetu ni mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa na kuku wanne wa mayai, akataka kuongeza kumi, kwani alikwisha kupatana na kijana anayeuza mayai ya kuchemsha jioni penye steji. Alitaka mitetea watupu. Nasi siku zile tulikuwa na haja ya fedha, ada ya shule ikitukabili. Vifaranga walikuwa na umri wa wiki tano. Sita kati yao walikwisha kuota upanga mwekundu kichwani, tukasema hao ni majogoo, tukawatenga. Waliosalia 16 walikuwa na vipanga vidogo, vya rangi hafifu. Tukasema hawa wote ni mitetea.

Nyanya alituonya. "Wajukuu zangu, hawa baba yao ni kuchi. Ngojeni manyoya ya kiuno." Tukamwona kuwa ni mzee apendaye kungoja.

Kifaranga asiyejulikana ni jogoo au mtetea bei yake ilikuwa shilingi 250. Kwa kuwa tulisema twajua, tulimwuzia jirani kila mmoja kwa shilingi 350. Tena kwa kutaka kumfanyia hisani, tukamchagulia wale wakubwa na wachangamfu zaidi. Akatushukuru, akatuombea dua, akaenda zake.

Basi asubuhi ile ya ujumbe tulikwenda kwake. Tuliyoyaona yalitutia haya. Saba kati ya wale kumi walikuwa mapora waliokwisha kutoa sauti, wakiwakimbiza kuku wake wanne toka ukuta hadi ukuta. Migongo ya kuku wale ilikuwa imenyonyoka manyoya, na mayai yamepungua. Kijana wa steji alikuwa amekwisha kutafuta mayai kwingine. Tukaanza kujitetea, tukisema kifaranga ni kiumbe cha Mungu na wala hana cheti. Akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Wanangu, mngeniambia hamjui, ningenunua vilevile. Ningenunua watano, nikangoja."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuuma. Tulikumbuka kisa tulichosomeshwa chuoni tangu utotoni, cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, na vidole vyake vikakuta umaji ndani. Muuzaji alieleza kuwa mvua ndiyo iliyonyesha. Mvua haikuwa kosa lake, bali kosa lilikuwa kuuficha umaji chini na kuweka kikavu juu. Nasi vivyo hivyo. Jinsia ya kifaranga kutojulikana si kosa la mfugaji. Kosa letu lilikuwa kuifunika shaka ile kwa neno la uhakika, na juu yake kutoza shilingi 1,000 kwa elimu tusiyokuwa nayo.

Tangu siku hiyo tumejifunza upya yale tuliyodhani twayajua, na tungependa kuyaeleza hapa, kwa kuwa nyumba nyingi za pwani hufuga.

Kwanza, yai halina dalili. Wako wasemao kuwa yai lenye ncha kali hutoa jogoo na la mviringo hutoa mtetea. Wengine huning'iniza sindano kwa uzi juu ya yai, na wengine humwinua kifaranga kwa ngozi ya shingo wakatazama kama atakunja miguu. Hayo yote hayana msingi. Jinsia hutokana na mbegu ya upande wa mama, nayo huamuliwa kabla yai halijatagwa. Kwa wastani nusu huwa majogoo na nusu mitetea, lakini wastani si ahadi. Ukichukua vifaranga kumi bila kuchagua, takriban mara moja katika kila mara sita utapata majogoo saba au zaidi.

Pili, ziko njia za kumtambua kifaranga wa siku moja, ila si za uani. Wataalamu wa Japani, Masui na Hashimoto, walieleza katika miaka ya 1920 jinsi ya kutazama kijinundu kidogo ndani ya tundu la nyuma la kifaranga. Kazi hiyo huhitaji mafunzo marefu, na mkono usiozoea waweza kumjeruhi kiumbe huyo. Wako pia kuku waliozalishwa mahsusi ili dalili ionekane mapema. Kwa baadhi yao, manyoya ya bawa la mtetea hutangulia kurefuka. Kwa wengine dalili ni rangi. Jogoo wa Rhode Island Red akipandana na mtetea wa Light Sussex, vifaranga wa kike hutoka wa hudhurungi na wa kiume hutoka wa manjano iliyopauka. Lakini kuku wetu wa kienyeji wamechanganyika mno, hata dalili hizo haziwezi kutegemewa kwao.

Tatu, upanga. Kwa kuku wengi, kuanzia wiki ya tano au ya sita, upanga wa dume hukua na kuwa mwekundu kuliko wa jike. Hapo ndipo tulipokosea. Kuchi, kuku tuwapendao sana huku pwani kwa urefu na ushupavu wao, wana upanga mdogo uliolala, na watoto wao aghalabu huurithi. Pora wa kuchi waweza kumdhania tembe kwa muda mrefu. Na madume, kwa kawaida, huwa wakubwa kuliko majike. Kwa hiyo tulipomchagulia jirani walio wakubwa, tulimchagulia majogoo kwa mikono yetu wenyewe.

Nne, manyoya, kama alivyosema nyanya. Baina ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, tazama shingoni, na mgongoni karibu na mkia. Manyoya ya dume huko hutoka membamba, yenye ncha na kung'aa. Ya jike huwa na ncha ya mviringo. Dalili hiyo haibabaishwi na udogo wa upanga. Anayeweza kungoja hadi hapo, na angoje. Asiyeweza, na auze au anunue kwa bei ya asiyejulikana, akijua hivyo.

Jambo la mwisho ni kuwaingiza wageni. Wakae peke yao wiki tatu au nne, ili kama wana kideri au maradhi mengine yajulikane kabla ya kuambukiza wenyeji. Kisha watenganishwe kwa wavu wapate kuzoeana kwa macho, na waingizwe tunduni usiku. Jogoo mmoja huwatosha kuku kumi. Wakizidi, mateso huwaangukia majike, kama tulivyoshuhudia.

Ama deni letu, tulilipa. Uani kwetu walikuwa wamesalia sita katika wale wenye vipanga vidogo, na kwa kuwa sasa manyoya yalikuwa yakisema, tuliona watano ni tembe. Tukampelekea wote. Walipungua wawili. Nyanya akaingia tunduni mwenyewe, akatoka na makoo wake wawili waliokuwa wakitaga. Tulipotaka kumzuia alisema, "Yeye alilipia mayai. Mapora wawekeni hadi Idi." Tukawarudisha wale saba kwetu, na nyumba yetu ikakaa miezi kadhaa bila yai la kufungulia kinywa.

Siku hizi jirani yetu huuza mayai penye steji, na kijana yule amerudi kwake. Msimu uliopita alikuja tena kutaka vifaranga, wa wiki nne. Akauliza, "Hawa ni nini?" Tukamjibu sote kwa pamoja, "Hatujui." Akacheka, akachukua sita kwa shilingi 250 kila mmoja.