Nyumba ya Shamba, Raha ya Mjini

Ukifika Mombo unaiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kupanda mlima. Kilomita 33 za kona tupu hadi Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400. Wajerumani waliuita Wilhelmstal na kuupenda kwa ubaridi wake. Mwezi wa sita ubaridi huo si mchezo, sweta halitoki mwilini.

Huko ndiko kwa wakwe zangu. Safari hii mimi na mume wangu tulijaza gari: mapazia, taa, rangi, godoro jipya. Tangu Baba afariki, Mama anaishi peke yake kwenye nyumba ile ya shamba. Sisi watoto tukienda tunalala usiku mmoja tu, tunakimbia. Baridi, giza, choo kiko nje. Tukasema tuipambe, angalau wajukuu wapende kuja.

Siku ya kwanza nikatoa nje meza ya jikoni. Nyeusi kwa moshi, imejaa alama za visu. Nikamwambia kijana anayesaidia shambani aipasue kuni. Mama hakusema neno, alijitanda kanga yake akaingia chumbani.

Usiku mume wangu akaniambia, "Ile meza aliichonga Baba, mwaka waliooana."

Sikulala. Asubuhi nikaenda kupiga goti.

"Shikamoo Mama. Nisamehe. Niambie tuanzie wapi."

"Marahaba mwanangu. Anzia hapo hapo ulipoharibu."

Bahati nzuri kijana alikuwa hajaigusa.

Ya kale na ya leo

Basi tukaanza na meza. Tuliipiga msasa, tukaipaka vanishi isiyo na rangi, na alama za visu tukaziacha. Sasa iko sebuleni, imezungukwa na viti vyepesi vya chuma. Juu yake inaning'inia taa ndani ya tenga la kuvunia. Ukijaribu hii, tumia balbu ya LED, haichemki kama zile za zamani, na tenga lisiiguse.

Kuta ni za matofali ya udongo, na milimani unyevu ni mwingi. Usidanganyike na mng'ao wa rangi ya mafuta, inafungia unyevu ndani kisha inabanduka. Tulipaka chokaa nyeupe, ukuta unapumua na chumba kinapata mwanga. Sakafu ya saruji nyekundu tuliisugua kwa nta tu, tukatandika zulia zito karibu na kochi.

Kochi lenyewe ni la kijivu, halina manakshi. Urembo umebaki kwenye mito ya kitenge, na tulichagua kitenge cha aina moja tu. Ukichanganya vitano, sebule inageuka duka la nguo.

Na kinu je? Nilitaka kukiweka kwenye kona kama pambo. Mama akacheka: "Nitatwangia nini?" Kikarudi jikoni. Kitu kinachofanya kazi yake kiache kifanye kazi.

Fedha nyingi zilikwenda pasipoonekana kwenye picha: choo cha ndani, maji ya moto ya sola, godoro. Hapo ndipo usasa unapohitajika, mahali mwili unapoteseka. Vya zamani vikae macho yanapotua.

Kabla ya kununua rangi

Wapenzi wengi hugombana kwa mambo haya. Mmoja anaona uchafu, mwenzake anaona utoto wake. Kwa hiyo kabla ya kubeba chochote nje, zungukeni nyumba pamoja na mwenye nyumba, muulize kila kitu kimetoka wapi. Ni kazi ya asubuhi moja tu, na ingeniepusha na aibu ile.

Safari hii tulilala siku nne. Jioni ya mwisho Mama alikaa mezani akimenya viazi, akainua macho kuliangalia lile tenga.

"Baba yenu angewacheka," akasema. Kisha akauliza tunarudi lini.