Makofi, Mizani na Kengele
Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kulisaka neno. Tusikiapo taarabu twaukimbilia ushairi wake. Tuhudhuriapo ngoma twauliza waimbaji wamesema nini. Ndiyo maana mwaliko wa kujiunga na kikundi cha kusikiliza muziki wa klasiki wa kisasa, kilichokutana kila Alhamisi jioni katika chumba kimoja cha bweni, ulinitia wasiwasi. Ningesema nini juu ya kazi isiyo na hata mshororo mmoja? Tulikuwa wanachama saba, na kanuni zilikuwa mbili tu: kimya hadi kazi iishe, kisha kila mtu aeleze, kwa Kiswahili, alichokisikia. Kupenda au kuchukia hakukuhesabiwa kuwa jibu.

Tulianza na Clapping Music ya Mmarekani Steve Reich, iliyotungwa mwaka 1972. Haina ala yoyote. Watu wawili hupiga makofi kwa ruwaza moja ya mapigo 12: makofi matatu, kimya, mawili, kimya, moja, kimya, mawili, kimya. Mmoja hudumu na ruwaza hiyo hadi mwisho. Mwenziwe, baada ya kuirudia mara kadhaa, huisogeza kwa pigo moja, kisha jingine, hadi baada ya hatua 12 wakutane tena walipoanzia.

Nikayahesabu makofi: 8, sawasawa na mizani ya ukwapi wa tarbia tuliyoizoea. Hiyo ni sadfa, wala siijengei nadharia, ila ilinipa pa kushika. Mwenzangu mmoja alieleza vizuri zaidi: ni kama kuwasikia watu wawili wakighani ubeti uleule, mmoja akimtangulia mwenziwe kwa silabi moja, kisha mbili, hata vina vya kati vya huyu vikaangukia vya mwisho vya yule. Naam, arudhi ilikuwa imetufaa mahali ambapo hatukuitazamia.

Mjadala uliwaka tulipoelezwa kwamba Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe, na mwaka uliofuata akatunga Drumming. “Basi ni mali yetu!” akasema mmoja. Mimi siukubali ushindi rahisi namna hiyo. Mbinu ya kuachanisha mapigo Reich alikuwa ameitumia tangu mwaka 1965, akiwa na kanda mbili za sauti, na tena mwaka 1967 katika Piano Phase. Isitoshe, ngoma ya Waewe haiwi yangu kwa sababu tu nami ni Mwafrika. Nayo pia yanidai masikio na subira.

Kazi iliyotushinda ni Cantus ya Arvo Pärt wa Estonia, aliyoitunga mwaka 1977 kumlilia mtunzi Mwingereza Benjamin Britten, aliyefariki Desemba 1976. Ni ala za nyuzi na kengele moja. Sauti zote hushuka ngazi ileile, lakini kila sauti ya chini huenda kwa nusu ya kasi ya ile iliyo juu yake. Mwishoni nyuzi hukoma ghafla, na kengele iliyogongwa polepole chini yake ndiyo husikika ikififia. Tuliitafutia istilahi sauti hiyo inayosalia. Mwangwi? La, mwangwi hurudishwa na kitu. Mvumo? Labda. Hapa mizani na vina havikutusaidia kitu, na ningependa wahadhiri wetu wa isimu walishughulikie pengo hilo.

Mmoja wetu alikuwa amemzika nyanyake muhula uleule. Zamu yake ilipofika alisema amewasikia watu wakitoka makaburini: watoto mbele, wakikimbia, wazee nyuma, kila mmoja kwa mwendo wake, na njia ni ileile. Akanyamaza kidogo, kisha akaomba turudie. Tukarudia.