Ndege ya Nguo Aliyoiona Babu



Nina deni la siku nyingi, na leo nataka kulilipa mbele yenu, maana nililikopa mbele ya watu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa vilima vya kusini ya mji wa Mbeya. Alipokuwa kijana asiyeota ndevu bado, kabla ya vita ya pili ya dunia, alipata kibarua katika kiwanja cha ndege cha Mbeya. Kazi yake ilikuwa kufukuza ng'ombe na mbuzi, kufyeka majani, na kubeba madebe ya petroli, mawili mawili katika sanduku la mbao. Kiwanja hicho si hadithi ya kubuni. Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua kwa ndege kutoka London mpaka Cape Town, na njia yake ilipita Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika katika nchi iitwayo leo Zambia. Ndege hizo zilikuwa kubwa, zenye injini tatu. Lakini siyo hizo babu alizozipenda. Yeye alipenda zile ndogo za watu binafsi, waliosafiri kwa kufuata njia ile ile, mtu na mwenzake, wamevaa kofia za ngozi, vichwa vyao nje kwenye upepo.

Alitusimulia jioni, tukiwa tunapukuchua mahindi. Alisema ndege hiyo ilikuwa ya mbao na nguo. Ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma. Alisema haikuwa na breki, na ya kuiamsha injini ni kulizungusha pangaboi kwa mkono, kisha kuruka nyuma upesi usije ukakatwa. Alisema petroli haikumiminwa hivi hivi, bali ilichujwa kwa ngozi laini ya mnyama. Tena alisema, na hapo ndipo alipokuwa akisimama kutuonyesha kwa mikono yake miwili, kwamba jua likizama yule Mzungu aliyakunja mabawa ya ndege nyuma kama kuku anayelala, halafu yeye na babu wakaisukuma ndani ya banda la motokaa.

Sisi watoto tuliamini yote. Kisha mimi nikaenda kusoma.

Nilipata nafasi katika chuo kimoja cha ualimu mkoani Iringa. Mwaka 2009, mwezi wa Desemba, nilirudi nyumbani kwa arusi ya binamu yangu. Nilikuwa nimevaa tai. Ukumbi ulikuwa turubai lililofungwa kwenye miti ya mikaratusi, na watu walikuwa wengi. Babu, akiwa na umri wa miaka tisini au zaidi, aliwaita watoto akaanza habari ya ndege yake. Alipofika kwenye mabawa mimi nikasimama. Nikasema, "Babu, shikamoo. Lakini sisi tumesoma. Ndege si kuku. Bawa likiwa na bawaba litakatika hewani. Na nguo je, mvua ikinyesha? Labda uliona turubai hili hapa likipeperushwa na upepo."

Watu walicheka mpaka wengine wakamwaga pombe. Babu hakunijibu. Alitazama fimbo yake kitambo, akasema tu, "Haya, bwana mwalimu." Tangu siku ile sikumsikia tena akiisimulia habari hiyo.

Kama yangeishia hapo, ningesema ni utani wa babu na mjukuu, maana utani huo ni halali kwetu. Lakini neno likapata miguu. Vijana walianza kumwita Mzee Turubai. Waliliita kilabuni, waliliita njiani, hata watoto wadogo wasiojua lilitoka wapi. Alipofariki mwaka 2011, msoma salamu alilitaja jina lake la ubatizo, kisha akaongeza, "maarufu kama Turubai." Nilikuwa nimesimama karibu na jeneza. Nikatazama chini.

Ualimu sikudumu nao; leo mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu kubwa ni vitabu vya ubatizo na ndoa. Mwaka jana tulihamisha vitabu vya zamani kutoka nyumba ya mapadre, kwa sababu ya mchwa. Katika kasha moja nilikuta kitabu cha Kiingereza cha habari za ndege, hakina jalada. Nilikifungua nikiwa nimekaa juu ya ngazi. Kulikuwa na picha ya mtu mmoja akiivuta ndege kwa mkia, na mabawa yake yamekunjwa nyuma, pande zote mbili. Nilishuka ngazi ile taratibu, maana magoti hayakuwa na nguvu.

Basi nilisoma. Ndege ile iliitwa Moth, maana yake nondo, yule mdudu azungukaye taa usiku. Aliyeibuni, Geoffrey de Havilland, alipenda sana wadudu wa namna hiyo. Iliruka mara ya kwanza huko Uingereza Februari 1925, na mwaka 1928 ikapewa injini mpya iitwayo Gipsy, yenye nguvu za farasi 100. Mwili wake ni mbao na plaiwudi, na mabawa yamevikwa nguo iliyopakwa dawa ya kuikaza. Mabawa yakinyooshwa ni mita tisa. Yakikunjwa ni mita tatu tu. Bawaba ziko karibu na mwili, na kabla ya kuruka bawa hufungwa kwa pini imara. Na ile ngozi ilikuwa ya kuzuia maji, kwa kuwa petroli hupenya na maji hubaki. Babu hakuongeza hata chumvi.

Hata jambo ambalo sikulicheka, kwa kuwa sikulisikiliza, lilikuwa kweli. Alisema walipenda kuondoka asubuhi na mapema, kabla ya joto. Kiwanja cha Mbeya kiko juu, mita 1,700 hivi, na hewa ya juu ni nyepesi, tena jua huizidisha wepesi. Ndege yenye injini ndogo hukimbia sana kabla ya kuinuka. Mwezi wa Aprili 1928 Lady Bailey, mama wa watoto watano, alikuwa akiruka peke yake katika Moth kutoka London kwenda Cape Town. Akitua Tabora alianguka, ndege ikavunjika. Yeye alinusurika, mumewe akampatia nyingine, akafika Cape Town mwisho wa mwezi ule ule. Kutoka Iringa mpaka Mbeya mimi hutumia mchana mzima katika basi, nikipita Makambako na Chimala. Moth ingekwenda kwa saa mbili hivi. Kwa hiyo kijana aliyefukuza ng'ombe uwanjani alikuwa ameona jambo kubwa kuliko niliyoyaona mimi chuoni.

Bibi yangu yu hai. Nilimpelekea kile kitabu. Macho yake hayaoni vizuri, basi nilimshika kidole nikakipitisha juu ya picha: hapa mkia, hapa bawa, hapa linakunjwa. Nikapiga magoti nikamwomba radhi kwa niaba ya marehemu. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Na ile ngozi?" Nikamweleza habari ya ngozi. Akacheka kidogo.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini mimi sikucheka siku ile. Nenda ukawaambie waliocheka."

Wengi wao sasa wametawanyika. Wako Uyole, Chunya, Makambako, wengine Dar es Salaam, na sina namba zao za simu. Lakini najua baadhi yao hununua gazeti hili baada ya Misa. Ndugu zangu, yule mzee alisema kweli, na jina lile nililitunga mimi.