Kuni Zilizomo Ukutani

Kutoka Kasulu kwenda Muyama barabara inapanda vilima, migomba na mibuni ikiwa kando, udongo ukizidi kuwa mwekundu. Muyama siku hizi iko wilaya ya Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Nyumba zake nyingi zimetokana na udongo huohuo. Zipo zilizoupitisha motoni, zipo zilizouacha mbichi. Tofauti hiyo ndiyo niliyokuja kuitazama.

Bondeni nilikuta tanuri la matofali limepita kimo cha mtu, limekandikwa tope, midomo yake ya chini imejaa magogo ya mkaratusi. Moto ukishawashwa, huchochewa usiku na mchana hadi tofali la juu kabisa liive. Nyumba itakayotoka hapo inaweza kuwekewa sola na jiko banifu, lakini imeshakula miti kabla mtu hajalala ndani yake.

Juu ya mteremko niliingia nyumba ya matofali mabichi. Saa nane mchana, bati likiwaka juani, ndani palikuwa na ubaridi mtamu. Kuta nene za udongo hukawia kupata joto na hukawia kulitoa, kwa hiyo usiku wa huku juu unapouma, ukuta bado unarudisha jua la mchana. Waha wa zamani, wenyeji wa huku, walipata nafuu kama hiyo katika nyumba zao za msonge, nyasi zikishuka karibu na ardhi. Bati limewapunguzia watu kazi ya kuezeka upya, ila bila dari mchana linachoma na usiku linagandisha. Mama mwenye nyumba ameweka dari ya mianzi. Adui mkubwa wa ukuta wa udongo ni mvua, ndiyo maana msingi ni wa mawe, upenu umerefushwa, na upande unaopigwa na mvua hukandikwa upya kila kiangazi.

Jikoni kulikuwa na maharage, na hapo ndipo nishati ya nyumba inapoishia. Gridi ya Taifa ilifika Kasulu mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli, na taa ni neema. Chungu cha maharage bado kinadai kuni. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Hakuna mkakati wa namna hiyo niliousikia ukitajwa pale tanurini.

Njia ya kupata tofali bila kuni ipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, yanashindiliwa kwa mashine, yanamwagiliwa kivulini, hayaonji moto. Kikwazo ni bei ya saruji iliyosafirishwa mbali, na mashine yenyewe. Ningependa halmashauri zianzie kwenye majengo yao. Wanakijiji wanapochangia nguvu zao kujenga darasa au zahanati, waletewe mashine hiyo, wasiagizwe matofali ya kuchoma.