Ua la Marangu lisilo na subira

Jumamosi iliyopita nilidandia basi pale stendi ya Moshi, huyoo Marangu kupitia Himo. Kichwani nina agizo la baba mkubwa: "Ukifika msituni niletee gome la mkondekonde." La nini? Akakohoa, akageuzia maneno kwenye bei ya ndizi. Wazee wetu na siri zao bwana!

Getini, zaidi ya mita 1,800 juu, unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Safari ya siku moja inaishia kituo cha Mandara, mita 2,700 hivi. Njia nzima ni kivuli, ubaridi na matone ya maji shingoni.

Ndipo nikaliona. Nyie, kuna ua lile! Jekundu kama pilipili iliyoiva, na njano kidogo, mkia umejikunja kama mkonga wa mtoto wa tembo. Linapenda penye unyevu, na duniani kote linaota mlima huu tu. Utamu umo ndani ya ule mkia, na chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anajua kuufyonza. Wataalamu wanaliita Impatiens kilimanjari. Neno la kwanza ni Kilatini, maana yake "asiye na subira": tumba la mbegu likiiva, liguse tu, paa! Mbegu hizoo.

"Kaka, hili nalo ni dawa?" nikamwuliza mwongozaji.

"Hili la kupigia picha, mdogo wangu."

Ila ndugu zake wana kazi zao. Marekani, wenyeji wa asili hupaka utomvu wa mmoja wao penye vipele vya mimea inayowasha. Korea, wasichana huponda maua ya mwingine wakapaka kucha, zikakolea kama hina. Akina dada mmesikia?

"Dawa ni yule pale," akanionyesha nyuma ya ua. Mti mrefu, gome jeusi lililopasukapasuka. Mkondekonde! Sehemu nyingi za Afrika watu wamechemsha gome lake kwa homa, kifua, na kwa mzee anayesumbuliwa na mkojo. Ulaya wanauza vidonge vyake vya tezi dume tangu miaka ya 1970. Kumbe ndiyo maana ya kile kikohozi cha baba mkubwa!

Nilimletea? Thubutu. Msitu wote uliingizwa hifadhini mwaka 2005, hata jani huchumi. Halafu mti huu ukichunwa gome kuzunguka shina, unakufa. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu 1995.

Nimerudi mikono mitupu. Nikamwambia kwa adabu zote, baba mkubwa, twende kwanza ukapimwe, maana tezi iliyovimba tu na saratani dalili zake zinafanana. Alinyamaza muda mrefu, mbege imepoa mkononi.

"Usiku naamka mara tano," akasema. "We umejuaje?"

Jumatatu saa moja asubuhi tulikuwa kwenye foleni KCMC, kofia ameishusha mpaka machoni.